Timu yetu ya mchangani ilianza mwaka gani? Wazee hawakubaliani

Namba Sita
Wakuu, habari za leo. Mimi ni katibu wa timu ya mchangani huku Temeke. Kamati imeamua tuandike historia ya timu kabla wazee waliobaki hawajatutoka, maana mwaka jana tumemzika golikipa wa kwanza na alikuwa na mengi kichwani. Kazi imekwama ukurasa wa kwanza. Aliyekuwa nahodha anasema tulianza 1969. Aliyekuwa mweka hazina anaapa ni 1974, "mwaka wa Nyamagana". Cheti cha usajili kinasema 1986. Ipo na picha moja, wamesimama mbele ya goli la miti, nusu yao wako peku, haina tarehe. Wazee hawa wawili sasa hata kusalimiana ni kwa shida. Nifuate ipi?

Kibendera
Fuata cheti, mkuu. Hayo mengine yaweke kama simulizi za wazee.

Katibu Mstaafu
Mwanangu, cheti kitunze lakini kisikuongoze. Nimekuwa katibu wa timu za mchangani tangu ujana wangu, Ilala na baadaye Buguruni. Sheria ya Baraza la Michezo la Taifa ni ya 1967, lakini timu ya mtaa haikukimbilia kujisajili. Ilikwenda siku ilipotaka kuingia ligi ya wilaya, ikaambiwa bila usajili hamchezi. Kabla ya hapo mnagombea kombe la mbuzi, mnaalikana kwa barua na mitaa mingine, na timu ipo, ina nahodha na ina wagomvi wake.

Sasa wazee. Usiwaulize mwaka, waulize mechi. Mnaanza, Simba walikuwa bado wanaitwa Sunderland? Jina lile lilibadilishwa 1971. Zile tano ambazo Yanga waliwafunga Sunderland mwaka 1968, mlizipokea mkiwa timu tayari au bado mko kijiweni tu? Zile sita ambazo Simba waliwafunga Yanga, Julai 1977, Kibadeni kafunga tatu peke yake, nahodha wenu alikuwa nani siku ile? Mtu wa mpira atasahau mwaka aliooa, lakini hayo atakujibu bila kufikiri, na kila jibu linakupunguzia miaka ya kubishania.

Huyo mweka hazina amekupa kitu cha thamani kubwa. Mechi ya Nyamagana ilichezwa Mwanza, Agosti 1974. Simba walitangulia, Sembuli akasawazisha jioni kabisa, Sunday Manara akamaliza kazi kwenye muda wa nyongeza, Yanga wakashinda 2-1. Aliyekuwepo enzi zile haichanganyi na mwaka mwingine. Kwa hiyo usimbishie mwaka, muulize ni kitu gani kilianza mwaka huo. Mweka hazina hukumbuka michango. Hela ya kwanza kuchangwa ilikuwa ya nini? Kule Buguruni vijana walicheza muda mrefu bila jina lolote. Jina lilitafutwa usiku mmoja kwa sababu walitaka kupeleka barua ya mwaliko mtaa wa pili, na barua inataka jina juu.

Picha nayo itazame vizuri, hasa nyuma ya wachezaji. Yetu ilionyesha pembe ya nyumba iliyoezekwa bati. Nikamfuata mwenye nyumba, akanitajia mwaka alioshusha makuti akapandisha bati, kwa kuwa ndio mwaka aliolipwa korosho zake. Tukajua picha haiwezi kuwa ya kabla ya hapo.

Ukiwa na nafasi, nenda Maktaba Kuu ya Taifa, Barabara ya Bibi Titi Mohamed, uulizie magazeti ya zamani. Uhuru lipo tangu 1961, Mzalendo tangu 1972. Timu ya mtaa huikuti ukurasa wa mbele. Tafuta vijihabari vya matokeo ya ligi za wilaya, anzia 1986 urudi nyuma.

Binti wa Kipa
Naomba msiwasahau mama zetu. Marehemu baba alikuwa kipa wa timu ya mtaa na jezi zilifuliwa kwetu. Mama anakumbuka kwamba za kwanza zilikuwa fulana nyeupe, wakazichemsha na rangi kwenye sufuria lake la pilau, na mvua iliponyesha kipindi cha pili wachezaji wote wakawa na migongo myekundu. Ukimuuliza lini, anasema nilikuwa na mimba ya kaka yako. Na kaka ana cheti cha kuzaliwa.

Namba Sita
Shikamoo Katibu. Dada, asante sana, kesho naanza na mjane wa kipa wetu. Nimeshampigia mweka hazina. Kweli, 1974 ndipo walipochangishana hela ya jezi na kupata jina. Nahodha naye anasema walipoanza Simba ilikuwa bado Sunderland, ila anakasirika ukimwambia ile haikuwa timu. Kwenye nembo niandike mwaka upi?

Katibu Mstaafu
Marahaba mwanangu. Ana haki ya kukasirika, watu wamecheza peku miaka mitano halafu wanaambiwa hawakuwepo. Mimi ningeweka 1969 kwenye nembo, na ndani ya historia nikaeleza wazi kwamba jina na jezi vilikuja 1974 na usajili 1986. Lakini hakikisha kwanza ni watu walewale. Wakalishe wote wawili pamoja, pale uwanjani ikiwezekana, wakutajie kikosi cha 1969 kuanzia kipa mpaka namba kumi na moja, kisha cha 1974. Majina mengi yakijirudia, hiyo ni timu moja na hakuna wa kuipinga. Wakianza kubishana nani alicheza namba saba, usiwakatize. Washa simu urekodi, na hayo mabishano yaandike pia.