Polisi kuanika watoto mtandaoni, mwaonaje? Mimi napinga

Jamani naleta hii mada kwa sababu tumeizoea mno mpaka haituumi tena. Zile picha mnazijua. Vijana wanne watano wamekalishwa sakafuni, pekupeku, mmoja ameshikilia suruali maana mshipi umechukuliwa, mbele yao pana simu, misokoto ya bangi na panga, halafu juu yake maelezo marefu kama hadithi, eti majambazi sugu wametiwa mbaroni. Kortini hawajafika. Kufikia jioni kila ukurasa wa udaku una skrinishoti na komenti ni zile zile, peleka jela ya Kamiti, choma hao, mama zao walikuwa wapi.

Mtaani kwetu hapa Mombasa kuna kijana alitokea kwenye picha ya namna hiyo akiwa bado yuko shule. Sura walimziba, lakini sweta ya shule ilibaki na beji yake wazi, na kwenye kiwiko pana kiraka mamake alichokishona kwa uzi wa rangi nyingine, sasa darasani nani asiyekijua kiraka kile? Aliachiliwa bila kushtakiwa kwa lolote. Posti haikutolewa. Mamake alienda kuomba ifutwe akazungushwa kutoka dawati hili hadi lile, kila mtu asema si yeye aliyeweka, mpaka akachoka akaacha.

Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Kesi ikifa inakufa kimya kimya, lakini picha haifi. Miaka mitano baadaye anatafuta kazi, mtu aandika jina la mtaa na la shule, anamkuta pale sakafuni.

Na msiniambie sheria hakuna. Katiba kifungu cha 31 chalinda faragha, cha 50 chasema mtuhumiwa hana hatia mpaka ithibitishwe. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 yasema data ya mtoto haiguswi bila idhini ya mzazi au mlezi, na hata hapo iwe kwa manufaa ya mtoto mwenyewe. Tena si sheria ya kabatini, Septemba 2023 Kamishna wa Data aliipiga shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuposti picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Shule! Picha za watoto wakiwa shuleni tu, si za watoto wakiwa seli. Sasa niambieni, mwalimu akiposti mtoto anacheka ni kosa la mamilioni, afande akiposti mtoto analia ni kazi nzuri?

Najua jibu litakalokuja, sheria hiyo hiyo ina mlango wa usalama wa taifa na maslahi ya umma. Sawa, mlango upo. Lakini mtu ambaye ushamtia ndani, umemfungia, picha yake inamlinda nani? Mshukiwa akiwa mafichoni na ni hatari, weka sura yake, tusaidie kumtafuta, hapo mimi mwenyewe nitashea. Hawa tayari wako mikononi mwenu.

Na mnajua polisi hawaposti tu, wanachungulia pia. Vijana wanasimamishwa stejini, leta simu, fungua, afande anaingia WhatsApp anasoma magrupu, anapekua picha, na pengine pana picha za dadake mtu ama za mpenziwe ambazo hazimhusu kabisa. Sheria ya makosa ya mtandao ya 2018 yataka polisi aende kwa hakimu apewe kibali kabla ya kupekua data iliyomo kwenye kifaa. Ni wangapi kati yetu tushawahi kuonyeshwa kibali? Kijana wa miaka 17 hajui hata kwamba anaweza kukiulizia, na akiuliza ataitwa mjuaji.

Tukilichukulia hili jambo dogo tukumbuke linakoweza kufika. Juni 2025 Albert Ojwang, mwalimu wa miaka 31, alichukuliwa kwao Homa Bay kwa sababu ya posti ya X iliyomtaja naibu inspekta jenerali wa polisi, akasafirishwa njia yote hadi Nairobi, akafa akiwa mikononi mwa polisi pale kituo cha Central. Wakasema alijigonga kichwa ukutani, madaktari waliompasua wakasema majeraha hayalingani na maneno hayo. Ilianza na posti. Sisemi kila anayechungulia simu ataua, nasema mtu akizoea kuona maneno na picha za kijana ni mali yake, hatosimama pale unapotaka wewe asimame.

NYONGEZA: nimesoma majibu yenu, ahsanteni, hata walionitukana.

Kaka wa Kisauni ameandika kwamba mimi sijakatwa panga ndiyo maana naongea. Kaka pole sana kwa yaliyompata shemejio, na sisemi hao vijana wa mapanga waachwe, twawaogopa sote, magharibi ikiingia mtu huna raha ya kumtuma mtoto dukani. Wakamatwe, washtakiwe, ushahidi upelekwe. Lakini umesema mwenyewe kwamba wakikamatwa leo kesho wako nje. Basi ile picha imekusaidia nini? Tumepewa posti badala ya kesi, tukaridhika, na mwenye panga halisi karudi mtaani pamoja na yule aliyeokotwa njiani tu akitoka madrasa, wote wawili sasa wana jina moja.

Dada aliyesema kwani hawa watoto si wao wenyewe wanajianika TikTok kutwa, naam, wanajianika. Ila video yake anaweza kuifuta akikua akaona haya. Ya polisi hana uwezo nayo.

Mawakili mlio humu naomba mnisaidie. Malalamiko yakipelekwa kwa Kamishna wa Data sheria yasema yashughulikiwe ndani ya siku 90. Kuna yeyote kati yenu amewahi kupeleka ya picha ya mtoto iliyowekwa na polisi? Mulijibiwa nini? Yule mama yuko tayari kuandika hata kesho, anachotaka kujua ni aanzie wapi, na kama atahitaji wakili au aweza kwenda mwenyewe.