Nampeleka mamangu Vellore, India: tushukie Katpadi kwa treni au tukodi teksi toka Chennai?

mtu_wa_shela (Malindi):
Assalamu alaykum wadau. Mamangu ana miadi ya moyo Vellore, na mimi ndiye mwenda naye. Ndege itatushusha Chennai. Naambiwa tupande treni hadi Katpadi Junction, lakini inasimama dakika chache tu na watu ni wengi mno. Mama anatembea kwa mkongojo, na mizigo yake mnaijua, hata achari ya embe inasafiri. Treni tuliyoizoea sisi ni ya Miritini, SGR ya Mombasa: unakaguliwa na mbwa, unapanda polepole, treni imelala pale. Aliyepita huko anisaidie.

kipepeo_gede:
Teksi. Ni kama kilomita 130. Mgonjwa wa moyo wa nini kumtia kwenye msukumano?

baba_swafiya:
Kipepeo, barabara nayo ina foleni yake, na treni nyingi hufika kwa saa mbili hivi. Mimi nilimpeleka ammi yangu kwa treni, akalala njia nzima.

Kata tikiti ya Katpadi, alama yake KPD. Vellore mjini kuna stesheni pia, Cantonment, lakini treni kubwa za Chennai kwenda Bengaluru na Kerala hazipiti huko. Katpadi ndiyo njia panda: reli moja yaenda Tirupati, nyingine yapitia Vellore hadi Villupuram. Ndiyo maana pamejaa mahujaji wa Kihindu waendao hekalu la Tirupati, wanafunzi wa chuo na wagonjwa kama sisi.

Tikiti ikiandikwa WL, yaani uko orodha ya kungojea, bado huna kiti, usimpandishe mama. Ukipata, angalia behewa: C1 ni viti vya AC, A na B ni vya kulala vyenye AC. Treni ni ndefu ajabu, na ukisimama pasipo behewa lako utakimbia na mkongojo. Tazama vibao vya juu vinavyoonyesha behewa litasimama wapi.

Kushuka, usingoje treni isimame ndipo uanze kutafuta viatu. Robo saa kabla, mizigo iwe mlangoni. Mama atangulie, mabegi yafuate. Wachukuzi wenye mashati mekundu wapo, patana bei kwanza.

ummu_lamu:
Na saa zao jamani! Tikiti ikisema 00:30 tarehe 15, uwe stesheni usiku wa kuamkia tarehe 15, yaani 14 jioni umeshafunga mabegi. Kuna jamaa zetu walikwenda tarehe 15 usiku, treni ilishaondoka tangu usiku uliotangulia.

kipepeo_gede:
Haya, nimesikia. Lakini siku hiyo hiyo ya kushuka ndege, bado nasema teksi. Wewe mwanawe una nguvu, bi mkubwa hana.

mtu_wa_shela:
Shukrani nyote. Basi tulale Chennai usiku mmoja, tupande ya asubuhi. Tulale karibu na uwanja wa ndege au na stesheni?

baba_swafiya:
Karibu na Central, stesheni kuu ya Chennai, treni zenu nyingi zaanzia hapo, kwa hiyo mama atapanda bila haraka. Metro ya uwanja wa ndege yafika mpaka Central, lakini kwa mizigo hiyo chukueni teksi. Kutoka Katpadi hadi hospitali ni kilomita saba nane, bajaji zimejaa nje. Na achari ifungeni vizuri.