Simu janja moja ya familia, au kila mtu na yake? Mjadala kuhusu ulazima wa simu hizi na namna ya kuzichagua

Ndugu zangu, kuna kauli inayorudiwa katika vikao vya wazazi, katika vikoba na maofisini, kwamba mtu mzima asiye na simu janja katika zama hizi amejitenga na maendeleo kwa hiari yake. Wanaoipinga hujibu kwa ukali uleule, kwamba simu hizo ni anasa inayokula bando, muda na usingizi wa watoto. Naona pande zote mbili zinamjadili mtu mmoja mmoja, ilhali kwa wengi wetu simu ni ununuzi wa familia nzima, unaotoka katika mfuko uleule wa ada, mbolea na matibabu. Hoja ninayoileta ni kwamba familia nyingi za kipato cha chini na cha kati hapa Tanzania zinahitaji simu janja moja iliyo nzuri, na vitochi, yaani simu ndogo za vitufe, kwa wengine waliobaki. Na kwamba taasisi yoyote inayomfungia mlango mwenye kitochi inamkosea raia.

Nianze na kitochi, kwa kuwa hadhi yake imeshushwa kuliko inavyostahili. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007 na ikaingia Tanzania mwaka 2008, wakati ambapo wateja wake walikuwa watu wa simu za vitufe, na huduma yenyewe ilijengwa kwa kuzitegemea simu hizo. Hadi leo mwenye laini ya Vodacom hubonyeza *150*00#, wa Airtel *150*60#, na kupitia menyu hizo hutuma fedha, hununua umeme wa LUKU, na hulipa ankara ya maji au tozo ya serikali kwa kontroo namba, bila kuwa na bando lolote. Hilo linawezekana kwa sababu menyu hizo hupita katika njia ileile ambayo mtandao huitumia kuwasiliana na laini, wala hazihitaji intaneti, hivyo zinafanya kazi hata mahali ambapo mnara uliopo ni wa 2G tu. Serikali nayo ina lango lake la *152*00#, ambalo taasisi kadhaa zimeweka huduma zao humo. Ongeza suala la chaji: kitochi hukaa siku kadhaa, na kwa nyumba inayopeleka simu dukani kuchajiwa kwa malipo, tofauti kati ya kuchaji mara moja kwa wiki na kuchaji kila siku ni fedha inayoonekana mwisho wa mwezi.

Pamoja na hayo, siwezi kuungana na wanaosema kwamba kitochi kinatosha kwa kila kitu. Kijana anayeomba kazi serikalini hutuma maombi yake kupitia Ajira Portal, na mwanafunzi anayeomba mkopo wa elimu ya juu hujaza fomu za Bodi ya Mikopo mtandaoni. Asiye na simu janja wala kompyuta huenda steshenari, na hapo ndipo ninapoona hatari ambayo haizungumzwi vya kutosha. Mhudumu wa steshenari humfungulia barua pepe, humchagulia nywila, huandika namba yake ya NIDA na kupakia vyeti vyake katika kompyuta inayotumiwa na mtaa mzima, na mara nyingi mwenye maombi huondoka bila kuijua nywila yake mwenyewe. Siku ujumbe wa kuitwa kwenye usaili unapoingia katika ile barua pepe, anayeweza kuusoma ni mhudumu, naye ana wateja wengine wengi wa kuwashughulikia. Simlaumu mhudumu, kwa kuwa anatoa msaada ambao bila yeye usingekuwepo. Ninachosema ni kwamba siri za mtu na nafasi zake za maisha hazipaswi kukaa mikononi mwa mwingine kwa sababu ya kukosa kifaa cha laki mbili au tatu. Kwa hiyo simu janja inahitajika nyumbani, na hoja ya anasa haisimami.

Swali linabaki kama inahitajika kwa kila mkono. Pingamizi zito kuliko yote dhidi ya simu moja ya familia nimelisikia kutoka kwa wanawake, nao husema kwamba simu inayoitwa ya familia, kwa kweli, huwa ya baba. Yeye huondoka nayo asubuhi na kurudi nayo usiku, na hata ikibaki nyumbani, mama hawezi kuandika humo jambo la afya yake au la biashara yake bila kusomwa. Pingamizi hilo ni la haki, na ninalijibu hivi: ikiwa nyumba ina simu janja moja, basi ikae kwa yule ambaye kazi yake ya siku inaitumia zaidi, na katika nyumba nyingi huyo ni mama anayeuza vitenge kwa kutuma picha kwa wateja, au binti anayesoma chuo, kuliko baba ambaye anapiga na kupokea tu. Android ina uwezo wa kuweka watumiaji zaidi ya mmoja, kila mmoja na nafasi yake iliyofungwa, ingawa baadhi ya watengenezaji huuondoa katika simu za bei ya chini. Basi ni jambo la kuuliza kabla ya kununua. Laini ya fedha kila mtu abaki nayo katika kitochi chake na namba yake ya siri. Nakiri kwamba mpango huu unategemea heshima iliyopo ndani ya nyumba, na pale ambapo heshima hiyo haipo, mwanamke ana haki ya kifaa chake mwenyewe bila kuomba ruhusa ya yeyote.

Wengine wanasema tatizo lote ni bei, na kwamba serikali ikiondoa kodi kila mtu atanunua. Jaribio hilo tumeshalifanya. Mwaka 2021 Bunge liliondoa Kodi ya Ongezeko la Thamani, ambayo ni asilimia 18, kwenye simu janja, vishikwambi na modemu. Mwaka uliofuata msamaha huo ukafutwa, kwa maelezo kwamba haukuwafikia walaji kama ilivyokusudiwa. Naamini kosa lilikuwa kuachia unafuu mwanzoni mwa mnyororo bila utaratibu wa kufuatilia bei ya mwisho dukani, na mwaka mmoja ni muda mfupi mno wa kulihukumu soko ambalo lilikuwa bado lina mzigo ulioingizwa kwa bei ya zamani. Wakenya walichukua njia nyingine: mwaka 2023 walifungua kiwanda cha kuunganisha simu Athi River, na simu yake ya kwanza ya bei ya chini ikatangazwa kwa shilingi 7,499 za Kenya. Anayetaka kulijadili hili la kodi aje na bei za maduka ya Kariakoo, kwa sababu mwananchi hanunui kwa bei ya hotuba ya bajeti.

Sasa nije kwenye kuchagua, jambo ambalo hugeuka haraka kuwa ushabiki wa majina. Wengi hubishana kuhusu Tecno, Infinix na itel kana kwamba ni mahasimu, ilhali zote tatu ni za kampuni moja, Transsion ya Shenzhen nchini China, nayo huzipanga kwa viwango vya bei na aina ya wateja. Kubishana jina hapo hakuna faida. Kinachoamua maisha ya simu ya bei ya chini ni mambo mawili ambayo muuzaji huyapitia haraka: ukubwa wa RAM (kumbukumbu ambayo simu huitumia inapofanya kazi) pamoja na hifadhi, na muda ambao mtengenezaji ataendelea kuipelekea masasisho, yaani maboresho ya mfumo wake. Simu ya RAM ya GB 2 na hifadhi ya GB 32 huonekana nafuu siku ya kwanza, lakini mfumo wenyewe huchukua sehemu kubwa ya hifadhi hiyo, na picha za vikundi vya WhatsApp hujaza iliyobaki, hadi simu inagoma kupokea hata ujumbe. Kwa maoni yangu, anayenunua leo kwa matumizi ya miaka mitatu au minne asishuke chini ya GB 4 na GB 64, hata kama italazimu kusubiri miezi miwili zaidi. Na tangazo linaposema RAM ni GB 8 kwa kujumlisha GB 4 za nyongeza, ajue kwamba hiyo nyongeza ni kipande cha hifadhi kinachoazimwa, wala hakina kasi ya RAM halisi.

Kuhusu masasisho, wengi huyaona ni jambo la mafundi, lakini ndiyo yanayoamua simu itakufa lini. WhatsApp haifanyi kazi tena katika simu za Android zilizo chini ya toleo la 5. Mwaka 2019 Vodacom ilileta hapa nchini Smart Kitochi, simu ya vitufe iliyokuwa na uwezo wa WhatsApp kupitia mfumo wa KaiOS, nami niliiona ni wazo zuri sana kwa wazee; lakini mwaka 2024 WhatsApp iliondolewa katika duka la programu la KaiOS, na njia hiyo ya kati ikazibwa bila kosa lolote la mnunuzi. Kwa upande mwingine, Samsung ilipotoa Galaxy A16 mwaka 2024 iliahidi masasisho ya miaka sita, ahadi ambayo zamani ilikuwa ya simu za mamilioni. Simu ya namna hiyo ikigharimu laki moja zaidi na ikadumu mara mbili, ndiyo nafuu.

Wapo wanaotetea iPhone zilizotumika zinazotoka Dubai, wakisema kwamba iPhone ya miaka saba bado inaishinda Android mpya ya bei hiyo. Kwa kamera na kasi, mara nyingi wanasema kweli. Lakini iPhone X, iliyotoka mwaka 2017 na ambayo bado ipo madukani, haikupata toleo jipya la mfumo wake, iOS 17, mwaka 2023, na betri yake kwa kawaida imechoka au imebadilishwa na fundi kwa betri isiyojulikana ilikotoka. Zaidi ya hapo, iPhone ambayo bado imefungwa kwa akaunti ya mmiliki wa kwanza haitumiki kabisa ikishafutwa, na mnunuzi hugundua hilo siku anapoifuta na kuianzisha upya. Anayenunua simu iliyotumika, ya jina lolote, abonyeze *#06# apate namba ya IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu yenyewe, ailinganishe na ile iliyo kwenye boksi, kisha aitume kwa ujumbe mfupi kwenda 15090 kuihakiki. Mamlaka ya Mawasiliano ilizima simu bandia Juni 2016, na waliokuwa wamezinunua walibaki na vioo visivyo na mtandao.

Jambo linalonisumbua kuliko yote ni simu za kukopa. Kwa mpango huu mteja hutanguliza kiasi kidogo na kulipa kila siku, na akichelewa, programu iliyowekwa ndani hufunga simu kutoka mbali hadi alipe. Watetezi wake husema kwamba bila mpango huo bodaboda na mama ntilie wasingeifikia simu kamwe, na ni kweli kwamba wapo walioanzia hapo na biashara zao zikasogea. Lakini tufanye hesabu. Chukulia simu inayouzwa taslimu 250,000. Ukitanguliza 50,000 na kulipa 1,000 kila siku kwa mwaka mzima, utakuwa umetoa 415,000, na hiyo ziada ya 165,000 ingenunua vitochi kadhaa au mfuko wa mbolea na chenji ikabaki. Zaidi ya bei, kuna suala la haki: dereva anayepata wateja kwa simu hiyo akifungiwa kwa kukosa elfu moja, amefungiwa pia njia ya kuipata hiyo elfu moja. Kikoba kinaweza kuifanya kazi hii vizuri zaidi, kwa wanachama kununuliana simu kwa zamu kwa bei ya taslimu.

Kuna pia hatari inayoingia pamoja na simu yenyewe. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Programu za namna hii huomba ruhusa ya kusoma majina yaliyo kwenye simu, na mkopaji akichelewa, ndugu zake, bosi wake na mchungaji wake hutumiwa ujumbe wa kumdhalilisha. Mwenye kitochi hawezi kufikiwa kwa njia hiyo, ingawa hayuko salama kabisa, kwa kuwa matapeli wa “ile hela tuma kwenye namba hii” humfikia kama wanavyomfikia mwingine yeyote.

Nirudi kwenye upande wa taasisi, kwa sababu hapo ndipo naomba mjadala uwe mkali. Mamlaka ya Mapato ya Kenya ilipowataka wafanyabiashara wadogo watoe ankara kwa mfumo wa eTIMS, iliweka pia njia ya *222# kwa wenye simu za kawaida. Hivyo ndivyo inavyopasa kuwa. Hapa kwetu nimeona shule zinazotoa tarehe ya kikao, orodha ya mahitaji na matokeo ya mitihani katika kikundi cha WhatsApp peke yake, na mzazi mwenye kitochi akaitwa mzembe kwa kutohudhuria. Ujumbe mfupi wa kawaida ungemfikia siku hiyohiyo. Kwa hiyo nawauliza hasa walimu wakuu, watendaji wa vijiji na viongozi wa vikoba mlio hapa: ni taarifa zipi mnazozitoa kwa simu janja pekee, ni nini kinachowazuia kuzituma pia kwa ujumbe mfupi, na kama ni gharama, ni kiasi gani kwa muhula na nani anapaswa kuibeba?