Taa ya injini inawaka: nibadili sensa ya oksijeni, ninunue masega ya mtumba, au niyatoe kabisa?

Forest Mpya
Wakuu, habari za jioni. Taa ya injini ya gari langu inawaka muda mrefu sasa, na gereji niliyoipeleka hapa Mbeya imenipa majibu mawili yanayopingana. Aliyepima kwa mashine anasema sensa ya oksijeni imekufa. Fundi mkuu wake anasema yaliyochoka ni masega, yale ya kusafisha moshi ndani ya bomba la ekzosi, na ananishauri yatolewe kabisa kwa sababu yanaibana injini. Nimeulizia spea Mwanjelwa nikakuta sensa mpya, masega ya mtumba na masega mapya, kila kimoja na bei yake, na ningependa kununua kabla ya wikiendi kwa kuwa nina safari ya Songea. Ninyi mngechagua kipi? Tena mwenye nafasi anifafanulie lugha ya mafundi hawa: kontrolboksi, benki ya 1, sensa ya 1, sensa ya 2. Pale gereji nilikuwa naitikia tu.

Fundi wa Makambako
Ndugu, umetutajia duka na safari, lakini gari hukulitaja. Ni gari gani, injini gani, la mwaka gani, na mashine ilitoa namba gani ya hitilafu? "Sensa imekufa" si namba. P0135 inahusu kipasha joto cha sensa ya mbele, P0141 inahusu kile cha sensa ya nyuma, na P0420 inasema kwamba ufanisi wa masega umeshuka chini ya kiwango ambacho kompyuta inakikubali. Ukienda dukani na P0420 ukarudi na sensa, huenda umeitupa fedha yako. Utuambie pia kama gari linakula oili.

Kihesa Juu
Kamwene. Wakati tukisubiri majibu, nijibu lile la lugha. Kontrolboksi ni kompyuta ya injini: hupokea taarifa za sensa zote, kisha huamua nozeli zinazopuliza petroli zifunguke kwa muda gani na plagi zitoe cheche wakati gani. Benki ya 1 ni upande wa injini wenye silinda namba 1. Injini ya silinda nne zilizo kwenye mstari mmoja kwa kawaida ina benki moja, kwa hiyo usikubali kuuziwa kitu cha "benki ya 2". Sensa ya 1 hukaa kabla ya masega, na sensa ya 2 hukaa baada yake. Ile ya mbele huisaidia kompyuta kuuweka mchanganyiko karibu na gramu 14.7 za hewa kwa kila gramu 1 ya petroli, na ile ya nyuma kazi yake kubwa ni kuyachunguza masega yenyewe. Masega, kwa upande wake, ni kauri yenye vitundu vingi iliyopakwa platinamu, paladiamu na rodiamu. Yakishapata joto la nyuzi 300 hivi, hugeuza monoksidi ya kaboni, petroli isiyoungua na oksidi za naitrojeni kuwa kaboni dioksidi, mvuke na naitrojeni.

Mzee wa Tukuyu
Maelezo ni mazuri, lakini mimi nasema yatolewe. Masega yalibuniwa kwa ajili ya nchi zenye vituo vya kupima moshi, na gari langu linapanda milima vizuri zaidi tangu nilipoweka bomba tupu. Isitoshe, huku kwetu juu hewa ni nyepesi, na ninaamini kwamba kompyuta zilizotengenezwa kwa ajili ya miji ya pwani huchanganyikiwa na kuwasha taa bila sababu. Sensa ya nyuma unaiwekea kiungo cha kuisogeza nje kidogo ya moshi, na taa haitawaka tena.

Kihesa Juu
Mzee wangu, shikamoo, lakini hapo kwenye hewa sikubaliani nawe. Ni kweli kwamba injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 za kupanda, na Mbeya ipo mita 1,700 hivi kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo gari linalotoka Dar es Salaam litaonekana zito huku. Lakini kompyuta hupima hewa inayoingia, na hewa ikipungua, petroli nayo hupunguzwa. Mwinuko hauwashi P0420. Ungekuwa unaiwasha, magari yote ya Mbeya na Njombe yangekuwa na taa.

Kuhusu kuyatoa, nina neno moja. Fundi anayejitolea kuyatoa bure anajua anachokichukua, kwa maana madini niliyoyataja yana soko. Mwulize kwanza kama atakurudishia kipande chako, kisha msikilize sauti yake ikibadilika.

Forest Mpya
Samahani wakuu kwa kuchelewa. Gari ni Toyota Premio ya 2004, injini ya 1ZZ, cc 1800. Namba ni P0420 peke yake. Oili huwa naongeza kidogo kati ya servisi moja na nyingine, na nilidhani ndivyo magari ya umri huu yalivyo.

Fundi wa Makambako
Hapo sasa ndipo penyewe. Injini za 1ZZ za matoleo ya awali zinajulikana kwa kula oili: ringi za oili kwenye pistoni hukwama kwa masizi, na oili hupita kuingia kwenye chumba cha kuchomea. Oili ina fosforasi na zinki, na vitu hivyo vikiungua huenda kuyapaka masega mpaka yale madini yasiguse moshi tena. Ukinunua masega leo, yawe mapya au ya mtumba, na injini ikaendelea kula oili, utayaua kama ulivyoyaua ya kwanza. Kabla ya kununua chochote, jaza oili hadi alama ya juu, andika kilomita, kisha upime upya ukirudi kutoka Songea. Mwambie fundi wako aiangalie na valvu ya kunyonyea mvuke wa oili, ambayo kwa magari haya ni ya bei ndogo na ikikwama huongeza ulaji wa oili. Safari yenyewe P0420 haiizuii, mradi taa haipepesi na nguvu ya gari ipo. Beba oili ya akiba.

Dada wa Mafinga
Hilo la taa kupepesa lisipitwe juu juu. Nilikuwa na Toyota IST ambayo koili yake moja, ile inayoipa plagi umeme wa cheche, ilianza kulegea, injini ikawa inamisi, na kila nilipokanyaga mafuta taa ilipepesa badala ya kuwaka mfululizo. Gereji moja, ambayo sitaitaja, ikaniambia kuwa ni petroli chafu na kwamba niendelee tu mpaka tangi liishe. Kumbe petroli ambayo haikuungua kwenye silinda ilikuwa inakwenda kuungulia ndani ya masega, na joto hilo likayayeyusha. Baada ya muda gari likakosa nguvu kabisa. Kupanda mlima Kitonga nilipitwa na malori yenye mizigo, mguu wangu ukiwa umefika sakafuni. Gereji ileile ikanibadilishia pampu ya petroli, ikasafisha nozeli, ikasafisha trotoli, na kila mara nililipa na kila mara gari lilirudi lilivyokuwa. Fundi mmoja wa Iringa mjini, mtu mzima asiye na mashine yoyote, alifungua sensa ya mbele akaacha tundu wazi, akaniambia niendeshe. Kelele ilikuwa kubwa kama ya trekta, lakini nguvu ilirudi palepale, kwa sababu moshi ulikuwa umepata pa kutokea. Walipoyakata masega wakakuta bonge la kauri iliyogandamana. Mpaka leo kinachoniuma ni kwamba ile koili, chanzo cha yote, ilikuwa bei ndogo kuliko pampu niliyouziwa.

Mzee wa Tukuyu
Pole sana, mwanangu. Lakini huoni kwamba unaniunga mkono? Yangekuwa yametolewa mapema, yasingeziba.

Dada wa Mafinga
Pole hiyo siichukui, mzee. Yangetolewa mapema, koili ingeendelea kuwa mbovu na ningeendelea kuchoma petroli bure.

Mtaa wa Soweto
Mimi ni wa masega ya mtumba, ila yapimwe kwanza. Kipimo ni rahisi: injini ikiwa na moto wa kutosha, sensa ya mbele hucheza kati ya volti 0.1 na 0.9, na ya nyuma hutulia karibu na 0.6 au 0.7 ikiwa masega ni mazima. Ya nyuma ikianza kucheza kama ya mbele, masega yamechoka. Muuzaji akikataa kukuruhusu uyafunge na kuyapima, ondoka.

Kihesa Juu
Kipimo hicho nakikubali nusu. Baadhi ya magari yana sensa ya mbele ya aina nyingine, inayopima uwiano wenyewe wa hewa na mafuta, na hiyo haichezi namna hiyo. Fundi asiyejua ataihukumu kuwa mbovu. Pia tundu dogo kwenye bomba karibu na sensa ya nyuma huingiza hewa ya nje na kutoa P0420 ya uongo. Welding mbaya za bomba ni nyingi huku kwetu, hivyo ningeanza na gasketi na viungo.

Mtaa wa Soweto
Na mimi nakikubali nusu chako. Aina ya sensa huonekana kwenye mashine yenyewe ukisoma vipimo vyake. Tatizo ni kwamba mafundi wengi wanasoma namba tu, wanaifuta, kisha wanatoza.

Forest Mpya
Nashukuru wote, ndaga fijo. Nimejaza oili leo. Duka limeniambia kwamba masega ya mtumba waliyo nayo yametoka kwenye Toyota Allion ya injini hiyohiyo, na wamebakiwa na moja tu. Niyawekee malipo ya awali au nisubiri?

Fundi wa Makambako
Kama ni 1ZZ iliyokuwa nayo inakula oili, unanunua ugonjwa uleule. Chungulia kwa tochi upande wa kuingilia moshi: kauri ikiwa nyeusi yenye ukoko wa oili, achana nayo.

Mtaa wa Soweto
Weusi peke yake hauthibitishi kitu. Wekeni makubaliano ya kurudisha, yaandikwe kwenye risiti.

Dereva wa Tunduma
Wakuu, naomba niingilie. Hiace yangu ya dizeli inatoa P0401, na fundi anataka kuiziba kwa bati ile njia inayorudisha moshi kwenye injini. Ni sawa?

Fundi wa Makambako
Injini gani, na ya mwaka gani?