Presha ya mapafu: ile sindano mpya inamfaa mdogo wangu?

Kaka_wa_Mabatini
Wakuu, naombeni mawazo. Mdogo wangu wa kike, miaka 29, anauza dagaa mwaloni Kirumba, Mwanza. Kwetu ni juu kabisa Mabatini, kwenye mawe. Zamani alipanda na ndoo kichwani huku anapiga stori. Mwaka juzi akaanza kusimama njiani mara tatu, midomo inabadilika rangi. Alitibiwa pumu karibu mwaka mzima, mpaka alipozimia kwenye daladala ndipo akapigwa eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti: upande wa kulia umetanuka. Dar, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, wakampitishia mrija hadi kwenye moyo, wakathibitisha ni presha ya mishipa ya mapafu.

Sasa anameza sildenafili mara tatu kwa siku. Ndiyo, ni ile ile ya nguvu za kiume. Yeye anaona aibu kuinunua, naenda mimi. Inamsaidia, ila mlima bado unamshinda. Nimesoma kuhusu sindano ya sotatersepti, iliyoidhinishwa Marekani Machi 2024. Inabadilisha jeni? Maana ana watoto wawili, nawaza na wao.

Muuguzi_Nyegezi
Pole sana kaka. Jeni haiguswi. Seli za ukuta wa mshipa hupokea amri mbili, ya kuzaana na ya kutulia. Ya kutulia hupitia kipokezi kiitwacho BMPR2. Mwaka 2000 iligundulika kwamba jeni yake ikiwa na hitilafu, ugonjwa huu unaweza kutembea kwenye ukoo, ingawa si kila aliyeirithi anaugua. Amri hiyo ikififia, ukuta unanenepa, njia ya damu inabana, moyo unasukuma mpaka unachoka.

Sildenafili inalegeza mshipa. Sotatersepti inanasa aktivini, protini zinazochochea kuzaana, mizani ikarudi. Huchomwa chini ya ngozi kila wiki tatu. Kwenye utafiti wa STELLAR, wagonjwa 323, walioipata juu ya dawa zao za kawaida waliwazidi wenzao wasioipata kama mita 40 katika mwendo wa dakika sita. Kwa mtu wa Mabatini, mita 40 si kidogo. Ila inapandisha hemoglobini (kibeba oksijeni kwenye damu), inaweza kushusha chembe za kugandisha damu, pua hutoka damu, na inaweza kudhuru mimba.

Mkerewe_Halisi
Kabla ya sindano: amepimwa kichocho? Sisi tumekua tunaoga ziwani na kuosha vyombo humohumo. Kichocho cha tumbo kikikaa miaka kwenye ini, mayai hufika mapafuni na kuleta presha hiyohiyo.

Muuguzi_Nyegezi
Asante sana kwa hilo, nilipaswa kuanza nalo. Na linaniuma: STELLAR haikupokea wagonjwa ambao presha yao imetokana na kichocho. Yaani watu wa ziwa, tunaougua kwa njia hii, hatumo kwenye zile mita 40. Akikutwa nacho apewe prazikwanteli; inaua minyoo, lakini mshipa uliokwishanenepa unahitaji tiba yake. Sildenafili asiache hata siku moja.

Kaka_wa_Mabatini
Tangu mtoto anaoshea sufuria ufukweni Igombe kwa bibi. Miaka miwili ya hospitali, hakuna aliyetuuliza habari ya ziwa. Jumatatu nampeleka kupima choo, na watoto nawabeba.