Naombeni ushauri: upanga wa moto umeniulia mchezo

mdau_wa_dadu: Wakuu habarini za jioni. Mi ndo DM (mwendesha mchezo) wa kikundi chetu cha mchezo wa kuigiza hadithi kwa dadu, Dungeons & Dragons hapa Arusha, toleo la tano, tuko watano na mimi. Mwezi uliopita nimetoa upanga mkubwa wenye +3 (inaongezwa kwenye dadu ya kupiga na kwenye madhara) na moto wa dadu mbili za pande 6 kila ukipata, na wako levo 4 tu. Jumamosi nikawaletea mazimwi mawili, nimeyaandaa wiki nzima na pango lake, mwenye upanga kayamaliza peke yake zamu tatu wenzake wanachezea simu. Nataka nipunguze makali bila kumuumiza mtu. Usingizi sipati aisee.

Mzee wa Bao: Sisi tulicheza bao mpaka magharibi na hakuna aliyehitaji moto. Pole kijana.

mchawi_mstaafu: Mkuu moto una afadhali, angalia hiyo +3. Kwenye dadu ya pande 20 kila +1 ni asilimia 5. Zimwi kinga yake 11 (dadu na nyongeza zikifika hapo umepiga), mpiganaji wako ana +2 ya uzoefu na +4 ya nguvu, ukiweka 3 inakuwa +9, yaani dadu ikitoka 2 kashapiga. Kitabu cha DM cha 2014 kinaiweka +3 kwa watu wa levo 11 kwenda juu. Itoe, baki na moto, hapo una Flame Tongue, upanga wa moto wa kitabuni wa kuanzia levo 5, umewahi levo moja tu.

Mama Wawili: Wape na wengine. Mimi nilimnunulia mkubwa baiskeli mdogo akagoma kula, nikanunua ya pili wakagombania rangi, ila angalau wote walikuwa nje wanacheza.

mdau_wa_dadu: Nikiwapa wote dada, mazimwi si yatakufa zamu moja? Nimeshaandika goblini (kijitu kiovu cha kwenye mchezo) atauiba usiku wakiwa wamelala, jumamosi hii hii.

Kijukuu cha Pwani: Mwenye upanga ni nani? Mbona unamuogopa?

mdau_wa_dadu: Mchezaji kama wengine.

Kijukuu cha Pwani: Jibu swali.

mdau_wa_dadu: Haya. Ni mchumba wangu. Birthday yake sikuwa na hela nikamtungia upanga, na shairi lake limeandikwa kwenye ala. Hapo kosa langu nini? Na goblini ni goblini, kwenye hadithi vitu vinaibiwa kila siku.

Ustadh Kiasi: Zawadi ukishatoa si yako tena. Unamtumia mwizi mtu unayetaka kumuoa, kesho ndani ya nyumba utamfichia nini? Mwambie usoni.

Jicho Pembe: Hii chai wakuu. Nimecheza mpiganaji miaka minne. Upanga mkubwa wastani 7, moto 7, nguvu 4, jumlisha 3, pigo moja ni 21. Levo 4 una pigo moja kwa zamu, zamu tatu ni 63, weka na la kujikakamua (pigo la ziada la mara moja mpaka upumzike) ni 84. Mazimwi mawili yana uhai 118. Hawezi kuyamaliza peke yake hata apate yote. Katunga.

Mama Wawili: Kumbe! Na mimi nimeshahadithia mambo ya baiskeli zangu.

mdau_wa_dadu: Sijatunga, naapa. Upanga una kasi pia, unampa pigo la ziada kila zamu. Sikuandika kwa sababu niliona ni kitu kidogo, na shairi linaanza na hiyo kasi, nikiitoa linabaki bila kichwa.

Jicho Pembe: Sasa hesabu inakubali. Samahani mkuu.

mchawi_mstaafu: Kitu kidogo!! Mpiganaji pigo la pili analipata levo 5. Umempa mapema, na akipanda levo atakuwa na matatu ambayo wapiganaji wenzake hawayaoni mpaka levo 11. Nafuta nilichosema kuhusu +3, kasi ndo iliyoua. Itoe kabla ya jumamosi, kwenye hadithi sema upanga umelala, akifika levo 5 uamke, pigo la pili atalipata kwa haki yake na shairi linabaki zima.

Kijukuu cha Pwani: Na umuulize yeye kwanza, sio goblini.

mdau_wa_dadu: Nimempigia, nimemwambia yote mpaka la mwizi. Kanyamaza muda mrefu. Kasema kasi ilale, na kwamba juzi aliona wenzake wanavyochoka ila akaogopa kukataa zawadi yangu. Goblini nimemfuta. +3 hataki kuiachia, tunabishana mpaka sasa hivi.