Wanalaza wanyama wetu, wanafunga mlango, wanaenda zao nyumbani

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Kila mwenye paka, mbwa au sungura asome uzi huu hadi mwisho kabla hajachagua kliniki ya wanyama. Na wenye kliniki nao wasome.

Paka wangu dume alishindwa kukojoa. Waliofuga paka dume wanajua uzito wa maneno hayo. Asiyejua ajue leo: paka anaingia kwenye sanduku lake la mchanga kila mara, anachuchumaa, analia, na hakitoki kitu, au linatoka tone moja lenye damu. Wengi hudhani amefunga choo, wakasubiri. Msisubiri. Njia ya mkojo ya dume ni nyembamba sana kuelekea mwisho. Chembechembe au ute vikiziba hapo, mkojo hauna pa kwenda, figo zinaelemewa, potasiamu inapanda kwenye damu mpaka moyo unasimama. Ndani ya siku moja au mbili anaweza kuwa amekufa.

Nilimkimbiza kwenye kliniki niliyoizoea, ile yenye mapokezi safi na wafanyakazi wanaomwita kwa jina. Wakampa nusu kaputi, wakamzibua, wakamwekea mpira wa mkojo na dripu. Sehemu hiyo walifanya kazi nzuri na nawashukuru. Kisha wakaniambia atalala kwao ili awe chini ya uangalizi usiku kucha. Nikasaini. Usiku huo nimeulipia, umeandikwa kwenye bili mstari wake peke yake: kulazwa na uangalizi.

Hapakuwa na mtu. Jioni walizima taa wakafunga, wakaondoka wote. Nilipopiga simu usiku kuulizia hali yake nilikutana na sauti iliyorekodiwa, ikinielekeza kwenye kituo cha dharura kingine kabisa. Kituo hicho hakikuwa na faili lake wala ufunguo wa jengo alimokuwa. Asubuhi walimkuta mpira umechomoka, dripu imekwisha, kibofu kimejaa na kukakamaa. Alikuwa ameziba tena. Tangu saa ngapi? Hakuna anayeweza kuniambia. Niliomba karatasi ya uangalizi, na baada ya kuzungushwa sana nikaipata: kuna maandishi ya jioni, halafu kuna maandishi ya asubuhi. Katikati ni peupe.

Jamani, paka aliyezibuliwa ndiye mgonjwa wa mwisho anayefaa kuachwa peke yake. Hatari ya kuziba tena ni kubwa mno siku za mwanzo. Isitoshe, baada ya kuzibuliwa figo huweza kutoa mkojo mwingi kupita kiasi, kwa hiyo anayemhudumia anatakiwa kupima kinachotoka na kurekebisha dripu ilingane nacho, asije akakaukiwa maji. Hayo hayafanywi na chumba kilichofungwa. Mtoto wa mwaka wa kwanza wa udaktari wa mifugo analijua hilo, na daktari aliyenikabidhi ile fomu alilijua vizuri kunishinda mimi.

Paka wangu yuko hai kwa sababu nilimtoa pale nikampeleka kwenye hospitali yenye daktari wa zamu ya usiku. Niliporudi kulalamika, meneja alinijibu bila hata kusita kwamba huo ndio utaratibu wa kawaida, kliniki nyingi zinafanya hivyo. Hicho ndicho kilichoniunguza zaidi, maana nimeulizia kwingine na nimegundua hakunidanganya. Kliniki kibao zinalaza wanyama usiku bila binadamu ndani ya jengo, na wenye wanyama hawaambiwi.

Naomba tuelewane kuhusu jinsi tunavyochagua hizi kliniki. Tunaangalia iliyo karibu. Tunaangalia nyota na maoni ya mtandaoni. Nimesoma maoni ya kliniki nyingi baada ya mkasa huu na karibu yote yanasifu vitu vilevile: wahudumu wakarimu, hatukusubiri sana, daktari ana upendo na wanyama. Sawa, ni vizuri. Lakini yote hayo yanatokea mbele ya macho yetu. Yanayoamua kama mnyama atapona yanatokea nyuma ya mlango: nani anamwangalia akiwa kwenye usingizi wa dawa, nani yupo anapozinduka, nani yupo saa tisa usiku. Hakuna anayetoa nyota kwa hayo kwa sababu hakuna mteja aliyewahi kuyaona. Kliniki niliyoilalamikia hapa ina nyota nzuri kuliko ile iliyomwokoa paka wangu.

Na msidhani hatari inaisha daktari akishamaliza kushona. Kuna utafiti mkubwa uliofanyika Uingereza kuhusu vifo vinavyohusiana na nusu kaputi kwa wanyama wadogo, ukachapishwa 2008. Ulihusisha kliniki zaidi ya 100, mbwa wapatao 98,000 na paka wapatao 79,000. Kwa mbwa vifo vilikuwa asilimia 0.17, paka asilimia 0.24, na kwa sungura asilimia 1.39, yaani sungura mmoja katika kila 72. Sasa sikilizeni hili: kwa paka, asilimia 61 ya vifo hivyo vilitokea baada ya shughuli yenyewe kumalizika, vingi ndani ya saa 3 za mwanzo. Kwa hiyo kliniki inayofanya upasuaji jioni, ikamrudisha mnyama kwenye kizimba na kufunga, inamwacha peke yake katika kipindi kibaya kuliko vyote. Namba hizo zimekuwepo miaka yote hii na madaktari wanazijua.

Nikaanza kutafuta kliniki nyingine, nikakumbana na ukuta wa pili: bei. Unapiga simu kuuliza gharama ya kumfunga kizazi mbwa jike, unaambiwa mlete kwanza. Unauliza bei ya kumlaza usiku mmoja, unaambiwa inategemea. Kwenye tovuti zao kuna picha za watoto wa mbwa, bei hakuna. Wala si kwangu tu. Mamlaka ya ushindani ya Uingereza, CMA, ilipochunguza soko hili ilisema mwaka 2024 kwamba zaidi ya asilimia 80 ya kliniki hazikuweka bei yoyote mtandaoni, hata za huduma za kawaida kabisa. Ikasema pia kwamba mwaka 2013 makampuni makubwa yalimiliki karibu asilimia 10 ya kliniki, na kufikia 2024 yalikuwa yamefika karibu asilimia 60, huku nyingi zikiendelea na majina yao ya zamani. Maana yake unaweza kuhama kwa hasira, ukavuka barabara, ukaingia kwa mmiliki yuleyule. Ulizeni mmiliki ni nani. Mimi niliuliza na sehemu moja waliniangalia kana kwamba nimewatukana.

Haya, niliyojifunza kuuliza ni haya, na nawasihi muyaulize kabla mnyama hajaugua, maana akishaugua huna nguvu ya kuuliza chochote, unasaini tu.

Swali la kwanza kwangu sasa ni la usiku, na naliuliza kwa namna ambayo haina pa kukwepea: mnyama wangu akilala hapa, kuna mtu macho ndani ya jengo hili? Anamwangalia kila baada ya muda gani, na je, ni daktari, ni muuguzi, au ni mlinzi wa geti? Wakijibu kwamba wana huduma ya saa 24, usiridhike. Huduma ya saa 24 mara nyingi ina maana kwamba simu itapokelewa na mtu fulani mahali fulani. Haina maana kwamba kuna mtu pembeni ya kizimba.

Kuhusu upasuaji, uliza kama kuna mtu wa pili ambaye kazi yake ni kumwangalia mnyama tu wakati daktari anakata. Uliza kama wanamwekea mpira wa hewa kooni, kama wanaacha njia ya sindano wazi kwenye mshipa, kama wana kifaa cha kupima oksijeni na mapigo. Daktari mzuri hakasiriki ukimuuliza haya. Niliyempata sasa alinipeleka akanionyesha chumba chenyewe. Mwenye sungura una kipimo rahisi zaidi: wakikuambia umnyime chakula usiku mzima kabla ya upasuaji, ondoka. Wanyama wengine hunyimwa chakula ili wasitapike wakiwa kwenye usingizi wa dawa, lakini sungura hatapiki, na tumbo lake likisimama kufanya kazi ndipo anapokufa.

Kwa watoto wa mbwa, uliza lini wanatoa dozi ya mwisho ya chanjo ya parvo, ule ugonjwa wa virusi unaoua watoto wa mbwa. Mwongozo wa WSAVA, chama cha kimataifa cha madaktari wa wanyama wadogo, unasema dozi ya mwisho ya mfululizo itolewe akiwa na wiki 16 au zaidi, kwa sababu kinga aliyoipata kwa mama yake huweza kuizuia chanjo iliyotolewa mapema. Anayekuambia mtoto wa wiki 10 amemaliza chanjo anakupa matumaini hewa. Na uliza chanjo zinakaa wapi. Zinatakiwa nyuzi 2 hadi 8, kwenye jokofu lenye kipimajoto, siyo lile lenye chakula cha mchana cha wafanyakazi.

Msikilizeni pia anayepokea simu. Nikiwa nimekaa kwenye benchi la ileile kliniki nilimsikia kwa masikio yangu mhudumu akimwambia mteja kwenye simu kwamba dawa ya kupe ya mbwa anaweza kumpaka paka, apunguze tu matone. Baadhi ya dawa hizo za mbwa zina permethrini, kemikali ya kuua wadudu, na permethrini inaua paka: anatetemeka, anapata degedege. Niliinuka nikamwambia hapohapo. Akasema atamuuliza daktari. Yule wa kwenye simu alikuwa ameshakata.

Najua wapo watakaokuja kuwatetea. Watasema madaktari wamechoka, ni wachache, kliniki ndogo haiwezi kumudu daktari wa usiku. Naamini. Madaktari wa wanyama wanabeba mzigo mkubwa na wanatukanwa na wateja bila sababu. Simlaumu yeyote kwa kwenda kulala. Nalaumu kuniambia kuna uangalizi na kunitoza pesa ya uangalizi. Wangesema ukweli saa kumi na moja jioni ningemhamisha saa hiyohiyo, gari lilikuwa nje. Au ningekaa naye mwenyewe pale sakafuni hadi asubuhi. Uamuzi ulikuwa wangu, wakaninyang'anya kwa kunyamaza.

Ninachotaka si kurudishiwa pesa tu. Nataka fomu ya kulaza mnyama iandike waziwazi, kabla ya sahihi, saa ngapi jengo litakuwa halina mtu. Mstari mmoja. Nimelipeleka hilo kwa maandishi kwa baraza linalosajili madaktari wa mifugo, nikaambatanisha bili na ile karatasi ya uangalizi. Jina la kliniki sitalitaja hapa wakati shauri linaendelea, kwa hiyo msinibembeleze PM.

Mnaofanya kazi kwenye kliniki za wanyama humu ndani, nawauliza bila kuzunguka: usiku wa leo, kwenye vizimba vyenu kuna wagonjwa wangapi, na kuna nani nao? Na wenye wanyama, kesho asubuhi pigeni simu kwenye kliniki zenu muulize swali hilohilo, kisha mje muandike hapa mlichojibiwa, neno kwa neno.